Kumwambia Rubani, Kuiambia Mashine: Mhadhara Kuhusu Stripu za Kielektroniki Minarani



Mtu akialikwa kuzungumzia teknolojia ya usafiri wa anga hutarajiwa aje na setelaiti. Mimi nimekuja na kipande cha karatasi. Upana wake ni kama inchi moja, urefu haufiki shubiri, na kwa zaidi ya nusu karne ndege za abiria zimekuwa zikiruka na kutua kwa kukitegemea. Waongoza ndege hukiita stripu.

Ndege moja, stripu moja. Juu yake pameandikwa jina la mwito la ndege, aina yake, uzito wa msukosuko wa hewa inaouacha nyuma, kiwanja inakokwenda, njia itakayofuata, kimo kilichoombwa, na tarakimu nne za transponda, kifaa cha kuitambulisha ndege kwenye rada; katika tarakimu hizo hamtaikuta 8 wala 9, kwa sababu hakuna inayozidi 7. Printa inaitema, mtu anaichomeka kwenye kishikizo cha plastiki, kishikizo kinapangwa kwenye ubao wenye mteremko mbele ya mwongoza ndege. Kisha kazi inaanza. Rubani akipewa kibali cha njia yake, alama moja ya kalamu. Akiruhusiwa kusukumwa nyuma kutoka maegesho, alama nyingine. Ndege inapokaribia njia ya kurukia, mwongoza ndege wa ardhini anakiinua kishikizo na kumpa mwenzake anayeisimamia njia hiyo. Mkono kwa mkono. Kuanzia hapo ndege ni ya yule mwingine, na hakuna aliyelazimika kuuliza, “Hii ni yako au yangu?”

Kuna mambo mengine ambayo hayaandikwi popote. Mwongoza ndege mwenye wasiwasi na ndege fulani huichomoza stripu yake nje ya mstari kidogo, akijikumbusha kwamba ina jambo halijaisha. Gari la ukaguzi likiwa kwenye njia ya kurukia, minara mingi huweka kishikizo chekundu katikati ya ubao, ili mkono unaotaka kuisogeza ndege ukigonge kwanza. Msimamizi wa zamu anayepita nyuma ya viti haulizi kama kuna kazi; anatazama ubao umejaa kiasi gani. Na macho ya mwongoza ndege wakati wote huo yako dirishani, kwa maana vidole vinaijua plastiki bila kuiangalia.

Ninachotaka kukitetea jioni hii ni hiki. Mnara unapohamia stripu za kielektroniki, mwongoza ndege anaongezewa msikilizaji wa pili. Zamani ahadi yake ilisemwa mara moja, redioni, kwa rubani, na alama ya kalamu ilikuwa ya kujikumbusha mwenyewe na wenzake. Sasa ahadi hiyo lazima isemwe mara mbili: kwa rubani kwa sauti, na kwa mashine kwa kidole. Faida kubwa ya mifumo hii inatoka kwenye kule kusema mara ya pili, na sehemu kubwa ya taabu zake inatoka hapo hapo.

Tuanze na jioni ambayo karatasi ilishindwa. Tarehe 1 Februari 1991, Los Angeles, saa 12 na dakika chache, jua limekwisha kutua. Ndege ndogo ya SkyWest, aina ya Metroliner, yenye watu 12, iliambiwa iingie kwenye njia ya kurukia 24 ya kushoto na isubiri hapo. Haikuingilia mwanzoni mwa njia. Iliingilia kwenye makutano ya mbele zaidi, ambako taa zake zilichanganyika na taa za njia yenyewe. Wakati huo ndege ya Wings West iliyokuwa imetua ilikuwa imepotea redioni, na mwongoza ndege anaiita haijibu. Boeing 737 ya USAir ikapewa ruhusa ya kutua. Mara ikaita ndege nyingine tena ya Wings West, nayo Metroliner, ikisema iko tayari kuruka. Mwongoza ndege akatazama ubao wake: stripu ya ndege hiyo haipo. Ilikuwa imebaki kwenye dawati la vibali. Ikatafutwa, ikaletwa. Katika sekunde hizo za kutafuta karatasi, ile ndege iliyokuwa ikisubiri gizani ilitoweka kichwani mwake, na Boeing ikaishukia kwa nyuma. Walikufa watu 35.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani haikumtwisha mzigo mtu mmoja. Ilielekeza lawama kwa uongozi wa mnara na kwa mamlaka iliyo juu yake, kwa kutokuweka utaratibu wenye kinga ya pili. Pale Los Angeles stripu hazikuwa zikipitia kwa mwongoza ndege wa ardhini, basi jicho la pili ambalo lingegundua kuwa moja inakosekana halikuwapo. Rada ya ardhini nayo siku hiyo ilikuwa mbovu.

Nawaomba mlione tatizo lenyewe lilivyo. Karatasi haijui kwamba karatasi nyingine haipo. Stripu mbili za ndege mbili zilizopewa njia moja ya kurukia zinaweza kulala ubaoni zikitenganishwa na sentimita chache, na zisiseme kitu. Sifa ileile inayoifanya stripu iwe rafiki wa mwongoza ndege, kwamba ni kitu bubu kinachokaa kilipowekwa, ndiyo iliyoua watu Los Angeles.

Kwa ushahidi huo mtu angedhani karatasi ingeondolewa minarani kabla ya mwaka 2000. Haikuondolewa, na sababu zake zinastahili heshima kubwa kuliko wanayozipa wauzaji wa mifumo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Lancaster, akina John Hughes, Dave Randall na Dan Shapiro, walikwenda kukaa na waongoza ndege wa kituo cha London wakiwatazama wanavyofanya kazi. Walichokikuta ni kwamba ubao wa stripu ulikuwa mahali ambapo watu kadhaa walifikiri pamoja bila kuzungumza. Miaka michache baadaye Wendy Mackay alifanya utafiti wake kwenye kituo cha Athis-Mons, nje ya Paris, na mwaka 1999 akachapisha makala iliyouliza swali ambalo wahandisi hawakulipenda: je, karatasi ni salama zaidi? Yeye hakuwa mpinga kompyuta. Hoja yake ilikuwa kwamba mashine zilizokuwa zikiletwa zilinakili maandishi ya stripu na kuacha nje mikono: kupokezana, kuchomoza, kushika stripu mbili kwa pamoja ili kulinganisha, kumwekea mwenzako stripu mbele yake anapokuwa na shughuli badala ya kumkatiza kwa maneno.

Palikuwa na ubishi mwingine wa kitaaluma unaonifurahisha kwa sababu haukwenda upande wa wazee wa kazi. Mwanasaikolojia wa Uingereza, David Hopkin, alikuwa ameonya kwa miaka kwamba kuandika kwa mkono ndiko kunakojenga picha ya anga kichwani. Ondoa kalamu, kumbukumbu itafifia. Ni hoja inayoingia akilini, na kila mwongoza ndege wa zamani angeiapia. Watafiti wa Oklahoma wakaipima kwa majaribio mapema miaka ya 1990: waliwanyima waongoza ndege kuandika, wakasubiri kazi iharibike. Haikuharibika. Waliopunguziwa kuandika walipata muda zaidi wa kutazama mbele. Basi mapenzi ya karatasi hayatoshi kuwa hoja. Linalobaki baada ya majaribio yale ni upande wa Lancaster na Athis-Mons: jinsi watu wawili wanavyojua, bila kuulizana, ndege ni ya nani na imeahidiwa nini.

Lakini kuiga karatasi nzima kwenye skrini si jibu, na Wamarekani walilijua hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1988 FAA, mamlaka yao ya usafiri wa anga, iliipa IBM mkataba wa mabilioni ya dola kuunda upya mfumo mzima wa kuongozea ndege, kuanzia vituo vya anga ya juu hadi minara. Ndani yake mlikuwa na stripu za kielektroniki. Wabunifu walijaribu kuiga kwenye skrini kila alama ambayo waongoza ndege waliwahi kuiweka kwenye karatasi, waongoza ndege wakaendelea kuongeza matakwa, programu ikanenepa, tarehe zikasogea. Mwaka 1994 mradi ukavunjwavunjwa, na zaidi ya dola bilioni moja zikahesabiwa kuwa zimepotea bure. Nadhani kosa lilikuwa la pande zote mbili. Anayetaka skrini iwe karatasi kamili hataridhika kamwe, na anayemuahidi hivyo anamdanganya.

Baada ya hapo vituo vya anga ya juu vya Marekani viliachana na stripu nyingi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Minara ikabaki. Mtu wa kituo anatazama skrini tangu aingie zamu hadi atoke, hivyo kumwongezea skrini nyingine ni jambo dogo. Mtu wa mnarani analipwa kutazama nje. Mwaka 2016 FAA ilisaini mkataba wa mfumo wa minara unaoitwa TFDM na kampuni ya Lockheed Martin, ambayo kitengo chake hicho kilihamia Leidos mwaka huohuo. Mnara wa kwanza kuutumia ulikuwa wa Cleveland, Oktoba 2022. Mpango wa viwanja 89 ukapunguzwa hadi 49. Na Juni 2025 kaimu mkuu wa FAA, Chris Rocheleau, alikuwa bado yuko mbele ya kamati ya Bunge akieleza kwamba wanataka flopi na stripu za karatasi ziondoke. Nchi iliyopeleka watu mwezini, mabibi na mabwana.

Nisiwacheke sana, kwa sababu walifanya jambo moja vizuri. Huko Charlotte, North Carolina, kuanzia 2017, NASA na FAA waliendesha majaribio ya muda mrefu pamoja na waongoza ndege na mashirika ya ndege, ndege zenyewe zikiwa za abiria wa kweli. Stripu ilipokuwa ya kielektroniki, mnara, shirika na kituo cha anga ya juu waliona saa ileile ya kuondoka. Ndege iliyojulikana kwamba itakaa dakika 15 kwenye foleni iliambiwa ikae dakika hizo kwenye maegesho, injini zimezimwa. Kwa hesabu ya FAA mafuta yaliyookolewa yalizidi galoni 275,000 kwa mwaka, katika kiwanja kimoja. Hilo karatasi isingeliweza hata ingeandikwa na malaika, kwa kuwa muda ulioandikwa kwa kalamu mnarani haumfikii mtu wa shirika aliye chini kwenye jengo la abiria.

Wakanada walichukua njia nyingine. NAV CANADA, shirika lisilo la faida lililochukua huduma hizo kutoka serikalini mwaka 1996, lilikuwa na mfumo uliokuzwa Toronto na wahandisi waliokaa karibu na waongoza ndege wenyewe. Ukiuona utashangaa ulivyo mkavu: mistari, rangi chache, kalamu ya skrini. Hawakujaribu kuiga mwandiko. Walijiuliza ni vitendo gani ambavyo mwongoza ndege anavifanya mara mia kwa zamu, wakahakikisha kila kimoja kinahitaji mguso mmoja. Uingereza ikaununua. Heathrow ilipohamia mnara wake mpya wa mita 87, Aprili 2007, iliingia humo na stripu za kielektroniki. Stansted na Gatwick zilikuwa zimetangulia, nadhani kwa makusudi, maana hakuna mwenye akili anayejifunzia Heathrow. Lakini chumba cha kituo cha Swanwick kinachoongoza ndege zinazozunguka juu ya London kilisubiri hadi 2017 na 2018 ndipo kikaiacha karatasi, kundi moja la sekta za anga baada ya jingine, huku idadi ya ndege ikipunguzwa kwa makusudi kila kundi lilipokuwa likizoea. Abiria waliochelewa hawakufurahi. Mimi huo ucheleweshaji nauhesabu kuwa sehemu ya bei, na mtu yeyote anayewauzia mfumo akisema hautapunguza ndege hata siku moja, muulizeni alikwisha kuufunga wapi.

Sasa nirudi kwenye ule mguso wa kidole.

Mwongoza ndege anasema redioni, “Umeruhusiwa kutua, njia 24 kushoto.” Rubani anarudia maneno. Kwenye mnara wa karatasi kazi imekwisha. Kwenye mnara wa kielektroniki mwongoza ndege lazima aiguse stripu ili hali yake ibadilike kuwa “kutua”. Akishaigusa, mashine inaweza kulinganisha. Ikiwa dakika moja kabla aliigusa stripu nyingine na kuipa ruhusa ya kuingia njia ileile na kusubiri, skrini inageuka rangi na kumwambia kwamba ahadi zake mbili zinagongana. Umoja wa Ulaya umeifanya tahadhari ya aina hii kuwa sharti kwa viwanja vikubwa kwa kanuni ya mwaka 2021. Fikirini Los Angeles. Rada ya ardhini ilikuwa mbovu, dirisha lilikuwa giza, lakini tahadhari hii haihitaji rada wala dirisha. Inahitaji tu kwamba mtu aiambie mashine alichomwambia rubani.

Na aiambie kwa wakati. Akigusa kabla ya kusema, mashine inaamini ruhusa ambayo rubani hajaisikia. Akisema kwanza na kuchelewa kugusa kwa kuwa ndege tatu zimeita kwa mkupuo, tahadhari inachelewa vilevile, au inakuja wakati jambo limekwisha, ikimpigia kelele kwa kosa ambalo halipo. Tahadhari za uongo zikizidi, mtu anajifunza kuzifunga bila kuzisoma. Hilo halihitaji utafiti, kila mwenye simu ya mkononi analijua. Tena kuna kidole chenyewe: mguso unateleza, stripu inadondokea safu ya jirani, na tofauti na plastiki haitoi mlio inapoanguka mahali pabaya. Kila mguso pia ni kutazama chini. Mbunifu mzuri anahesabu sekunde hizo moja moja, maana zinakopwa kutoka dirishani.

Mashine kujua ni jambo moja, na mtu kuambiwa akasikia ni jingine. Tarehe 2 Januari 2024, kiwanja cha Haneda, Tokyo, ndege ya Walinzi wa Pwani ya Japani iliyobeba misaada ya tetemeko la Noto iliingia kwenye njia ya kurukia ikidhani imeruhusiwa. Airbus A350 ya Japan Airlines ikatua juu yake. Wote 379 waliokuwa kwenye A350 walitoka wakiwa hai, jambo ambalo wahudumu wa ndege ile wanastahili kusifiwa kwalo milele. Kati ya sita wa ndege ya Walinzi wa Pwani, watano walikufa. Skrini ya mnarani ilikuwa ikionyesha onyo kwa rangi kwamba njia ina ndege. Mwongoza ndege hakuliona. Onyo lile halikuwa na sauti. Serikali ya Japani siku chache baadaye iliweka mtu maalumu mnarani wa kuitazama skrini hiyo muda wote. Yaani mashine iliyoletwa imsaidie mtu ikahitaji mtu wa kuisaidia. Sisemi walikosea kuweka mtu. Nasema onyo lisilomfikia mhusika ni data tu, na zabuni nyingi huandikwa kana kwamba kuonyesha kunatosha.

Niligusie na jambo ambalo waongoza ndege hulisema wakiwa peke yao na wakubwa hawapendi kulisikia. Stripu ya karatasi ilikuwa kumbukumbu ya kisheria, ikihifadhiwa kwenye maboksi, lakini ilisomwa pale tu palipotokea ajali au malalamiko. Stripu ya kielektroniki inaandika kila mguso pamoja na sekunde yake. Meneja anaweza kukaa ofisini akachora grafu ya nani ni mwepesi na nani ni mzito, nani alisahau kugusa mara ngapi. Akianza kuitumia hivyo kwa kuadhibu, waongoza ndege watajifunza haraka kugusa kwa ajili ya grafu. Watagusa mapema, watagusa kwa mkupuo, na ile tahadhari niliyoieleza sasa hivi itakuwa inalinganisha ahadi za uongo. Kwa hiyo makubaliano ya nani atazisoma kumbukumbu hizo, na kwa sababu gani, yanapaswa kusainiwa na chama cha waongoza ndege kabla skrini ya kwanza haijafungwa.

Halafu kuna umeme. Karatasi haina betri. Usiku wa 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na abiria wa Jomo Kenyatta walikaa gizani kwa saa kadhaa kwa kuwa jenereta haikufanya kazi yake. Siku tatu baadaye Uingereza, ambako umeme haukukatika, mambo yakawa mabaya zaidi. Mpango wa safari moja kutoka Los Angeles kwenda Paris ulikuwa na vituo viwili vyenye herufi zilezile DVL, kimoja Deauville huko Normandy na kingine Devils Lake huko North Dakota. Programu ya kupokea mipango ya safari haikuweza kuwatenganisha pacha hao, na kwa kuwa imefundishwa kwamba ni heri kunyamaza kuliko kutuma habari potofu, ikajizima. Ile ya akiba ikapokea mpango uleule, ikajizima vilevile. Watu zaidi ya 700,000 wakavurugikiwa na safari zao. Naipenda habari hii, Mungu anisamehe, kwa sababu kila mhandisi alifanya alichopaswa kufanya. Mfumo wa akiba ulioandikwa na watu walewale, kwa fikra zilezile, ulianguka kwa kosa lilelile. Akiba ya kweli ni ile inayofanya kazi kwa namna nyingine kabisa.

Kwa mnara, akiba hiyo bado ni karatasi. Minara iliyohama huwa na stripu tupu na kalamu mahali fulani. Swali langu ni nani atakayeziandika. Kijana aliyeajiriwa mwaka ambao printa ilikuwa imeshaondolewa hajawahi kuujaza ubao kwa mkono huku ndege 12 zikimsubiri. Akiambiwa ghafla aandike, ataandika polepole, ataandika vibaya, na ndege zitakuwa palepale zilipokuwa. Ipo minara inayoiweka karatasi kwenye mazoezi ya kila mwaka. Mingine huiweka kwenye mwongozo tu, ukurasa wa mwisho.

Mtaniuliza haya yatuhusu nini sisi. Yanatuhusu kwa kuwa tunanunua. Tanzania imefunga rada nne mpya kutoka Thales ya Ufaransa: Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, mradi uliowekewa jiwe la msingi Aprili 2018. Rada ikishakuwapo, stripu ya kielektroniki ni hatua inayofuata yenyewe. Na watu wa nchi hii hawahitaji kufundishwa kwamba vifaa vya kuongozea ndege vinaweza kununuliwa vibaya. Ile rada ya kampuni ya BAE ya Uingereza, ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ya pauni milioni 28, imetuachia msemo wa “chenji ya rada”, na pauni milioni 29.5 zilizorudishwa mwaka 2012 zikaenda kununua vitabu na madawati. Watoto waliokalia madawati yale wengine sasa wana umri wa kusomea kazi hii.

Kwenye zabuni ya mfumo kama huu mimi ningetazama kwanza ukurasa ambao kwa kawaida hausomwi, wa mafunzo. Bei ya skrini hushindaniwa hadi senti ya mwisho; siku za mafunzo hukatwa kimyakimya ili bei ishuke. Wakati waongoza ndege wako darasani, wengine lazima wakae minarani, na mnara wenye watu wachache hauna wa kumwachia. Hapo ndipo miradi mingi hukwama, na mkandarasi anakuwa amekwisha kulipwa. Ningetaka pia waongoza ndege wawili au watatu wanaoshika zamu kwelikweli wakae kwenye kamati tangu siku ya kwanza, wawe na haki ya kukataa, na wapewe nafuu ya zamu kwa kazi hiyo. Kuwaita siku ya uzinduzi wapige makofi ni kuchelewa. Na mnara wa Kilimanjaro, ambako ndege huja kwa msimu wa watalii, hauhitaji kununuliwa mfumo wenye ukubwa wa Heathrow. Uhitaji wake mkubwa pengine ni tahadhari ya ahadi zinazogongana na tarakimu za transponda zinazojijaza zenyewe. Mengine yanaweza kungoja.

Nimalizie na sauti. Wajerumani wa kituo cha anga cha DLR wamekuwa kwa miaka wakijaribu programu inayosikiliza amri ya mwongoza ndege redioni na kuijaza stripu yenyewe. Ikifanya kazi vizuri, ule mguso niliousumbukia jioni nzima unaondoka: anamwambia rubani, na mashine imesikia. Tatizo ni kwamba programu ya namna hii hujifunza kutokana na sauti ilizolishwa, na zilizopo nyingi ni za Ulaya. Kiingereza cha redioni cha Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe kina mapigo yake, na mashine iliyokulia Frankfurt itakisikia nusu nusu, kisha itaandika kwa kujiamini kitu ambacho hakikusemwa. Dawa yake tunayo. Kila mnara unarekodi redio yake kwa mujibu wa kanuni za kimataifa, na rekodi hizo hutunzwa angalau siku 30, kisha zinafutwa. Waongoza ndege wakikubali, na majina yakiondolewa, saa chache za rekodi hizo kila mwezi zingewekwa kando kuanzia sasa. Mkandarasi atakayekuja hapa miaka mitano ijayo na programu inayosikia apewe sauti zetu siku ya kwanza, aionyeshe mashine yake ikizisikia, ndipo tuzungumze bei.